Modemu ya USB ya mtumba kwenye Linux: dukani wanasema haiwezi, mi natumia mwezi wa tano sasa

Nianze na bei maana najua wengi mtasoma hapo tu muondoke. Elfu ishirini na mbili, mtumba, Kigoma mjini pale Mwanga, kwenye duka moja la simu na makava na chaja ambalo jina lake naliacha. Modemu yenyewe ni zile za zamani za 3G, nyeupe, kama flashi nene hivi, ina sehemu ya laini na sehemu ya memori kadi, ubavuni imeandikwa 7.2 Mbps. Chapa pia siitaji, ninayo moja tu na imeshapita mikono ya watu sijui wangapi kabla yangu, siwezi kumhukumu aliyeitengeneza kwa kifaa ambacho kifuniko chake kimeshikiliwa na selotepu.

Maksi: modemu naipa nne kwa tano. Duka nalipatia moja, na hiyo moja ni ya kiti walichonipa nikakaa.

Mi nina steshenari ndogo Ujiji, kuprinti, fotokopi, kuwajazia watu fomu za mkopo HESLB, maombi ya ajira, siku ya matokeo ya NECTA ndo usiseme. Kompyuta ni desktopu kuukuu yenye RAM giga moja, ndani kuna Debian, aina mojawapo ya Linux, yani mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Sijaweka Linux kwa ubishoo. Nimeweka kwa sababu ya flashi za wateja, yani kila flashi inayoingia steshenari ina kirusi, kile kinachoficha mafolda yako yote na kukuachia shotikati, mteja analia kazi yake ya chuo imepotea, mi nikichomeka kwenye Linux mafolda yote nayaona yamekaa pale pale yametulia, namrudishia, ananipa buku. Hiyo kazi peke yake imenilipia bando mara nyingi tu.

Mtauliza mbona usitumie hotspoti ya simu. Nilikuwa natumia. Shida simu ni moja na mi sikai dukani muda wote, nikienda Kibirizi au mjini simu naondoka nayo, dogo anayebaki dukani ana kitochi, mteja akija na fomu ya mtandaoni anaambiwa subiri mpaka mwenyewe arudi, anavuka barabara anaenda kwa jirani. Kwahiyo nilitaka kitu kinachobaki kwenye kompyuta na laini yake.

Sasa pale dukani. Nikamwambia kijana natumia Linux, akaniangalia kama nimemwambia natumia mkaa. Akachomeka kwenye laptopu yake ya Windows, ikawaka, ikafungua kile kidirisha chake, akasema unaona nzima hii. Nikasema sawa ila kwangu je? Akasema kaka Linux haisapoti modemu, niletee hiyo mashine nikupigie Windows, elfu kumi na tano. Nikalipa modemu nikaondoka. Elfu kumi na tano nikaiacha mfukoni, na kichwa changu kigumu nikaondoka nacho.

Nimefika Ujiji nimechomeka, taa ya kijani inawaka inazima, nafungua naona… sidii. Nasema kweli, kompyuta inaniambia umeingiza sidii, ndani yake kuna AutoRun.exe na mafaili ya Windows, modemu haipo. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanarudisha kifaa, na hata yule kijana nadhani alishawahi kufika hapa akaishia hapa. Iko hivi: modemu hizi zimetengenezwa zikichomekwa zinajifanya sidii kwanza, ili mtu wa Windows apate programu yake hapo hapo bila kutafuta sidii ya kweli. Programu ikishakaa ndo inaiambia modemu haya basi acha kuigiza, geuka. Kwenye Linux hiyo kazi ya kuiambia geuka inafanywa na kitu kinaitwa usb_modeswitch. Ukiwa nacho inageuka yenyewe ndani ya sekunde chache. Ukiwa huna, utakaa na sidii yako mpaka Yesu arudi.

Mi sikuwa nacho. Na hapa lazima niseme ukweli, kosa lilikuwa langu, nilipoinstoo ile Debian nilitoa kila kitu nilichoona kinakula RAM, nikatoa NetworkManager inayosimamia mtandao, nikatoa ModemManager inayosimamia modemu, nikabaki na mashine nyepesi kama kikapu kitupu. Mwenye Mint au Ubuntu ya kawaida, Linux nyingine hizo, asiogope haya ninayosimulia, yeye anachomeka, anasubiri kama dakika moja, anaenda kwenye alama ya mtandao juu au chini pale, anachagua nchi Tanzania, anachagua mtandao wake, kwisha kazi. Niliyejitafutia ni mimi.

Basi nikadaunlodi kwa simu, usb-modeswitch na data yake, halafu wvdial, programu ya kudaili, ambayo haiji peke yake, inadai na libwvstreams na libuniconf, ukisahau moja inakugomea. Nikaweka kwenye memori kadi, nikahamisha, nikainstoo kwa amri ya dpkg -i, nikachomoa modemu nikachomeka tena. Sidii ikaja, ikapotea. Nikaandika dmesg, amri ya kusoma kompyuta imeona nini, nikaona ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2, ndo majina ya poti za modemu. Hapo nikajua modemu ipo, na kijana wa Mwanga hajui.

Niwape historia kidogo maana bila hii hamtaelewa kwa nini modemu ya laini ya simu inatumia programu ya kudaili. Zamani intaneti ilikuwa ni kupiga simu, ya mezani, waya. Kompyuta inaipigia kompyuta nyingine, zile kelele za kukwaruza mlizokuwa mnazisikia kwenye intaneti kafe mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa ni mashine mbili zinapatana waongee kwa spidi gani. Mwisho wake ulikuwa 56k, ambayo ukipiga hesabu ni kilobaiti 7 kwa sekunde ukibahatika, na mara nyingi hubahatiki, wimbo mmoja wa MB 4 unachukua dakika kumi na zaidi na simu ya nyumbani iko bize muda wote. Lugha ya kuziamrisha modemu zile ilianza na kampuni ya Hayes mwaka 1981, kila amri inaanza na AT, ni kama kumwambia mtu "hebu nisikilize", halafu D ya kudaili, namba inafuata. Sasa modemu za 3G zilivyokuja watengenezaji wakaona kwa nini tubadilishe, kompyuta zote duniani zinajua kuongea na modemu ya simu, basi na hii ijifanye modemu ya simu. Ndo maana unadaili *99#. Hakuna mtu anayepokea upande wa pili! Maongezi yale ya kudaili, yanaitwa PPP, yanaishia humo humo ndani ya modemu, hayafiki hata mnarani, modemu inaitikia kama simu halafu yenyewe inafungua data kwa njia zake.

Kwahiyo ukiwahi kuhangaika na modemu ya waya kwenye Linux enzi zile, ujuzi wako haujaoza. Mjomba wangu alikuwa na kompyuta yenye modemu ya ndani, zile walizoziita winimodemu, ilikuwa ni nusu modemu, kazi kubwa ilikuwa inafanywa na programu ya Windows na kadi yenyewe haina akili, kwenye Linux ikawa ni kipande cha chuma tu. Ile ya nje ya kuchomeka kwenye poti ya siriyo ikawa inakubali bila maneno maana ilikuwa na akili zake yenyewe. Hata Linux yenyewe ilizaliwa huko huko, Linus Torvalds 1991 alikuwa anaandika kiprogramu cha kudaili kompyuta za chuo chake Helsinki kwa modemu, na kuna siku akakosea akadaili hadi diski yake badala ya modemu, zile amri zikaandikwa juu ya diski na Minix yake ikaharibika. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana, maana makosa yangu mi hayajafika huko.

Makosa yangu yalikuwa haya. Nimeandika wvdial, ikasema haina ruhusa. Mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout, unaandika sudo usermod -aG dialout na jina lako, HALAFU unatoka unaingia upya, mi hiyo ya kutoka sikufanya nikakaa nusu saa natukana bure. Nikajaribu ttyUSB1, kimya, kama umemsalimia mtu aliyekununia. Kumbe kati ya poti tatu moja tu ndo ya kudaili, nyingine ni za mambo yake ya ndani, kwangu ni ttyUSB0, kwako inaweza kuwa nyingine, jaribu zote. Na kama wewe hukutoa ModemManager kama mimi utakutana na ujumbe kwamba kifaa kiko bize, huyo ndo ameishika, msimamishe kwanza au muachie yeye kazi, wawili hawawezi kukaa kwenye poti moja.

Ikafika mahali nikiiamrisha ATZ, yani anza upya, inajibu OK. Nikafurahi. Inadaili *99#… NO CARRIER. Inarudia. NO CARRIER. Hii NO CARRIER watu wanaichukia ila ni ujumbe wa adabu kabisa, modemu inakwambia mi nimejaribu sijapokelewa, kazi yako ni kuuliza kwa nini. Na kuuliza inaulizika, huo ndo uzuri wa kifaa hiki na ndo kilichoniongezea maksi. Unafungua minicom, programu ya kuiandikia modemu amri za AT moja kwa moja, unaongea nayo. AT+CPIN? nikauliza, ikajibu SIM PIN. Laini yangu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, niliiweka mwenyewe miaka ile nikasahau, kwenye simu nilikuwa naibonyeza bila kufikiri! Nikaiweka laini kwenye simu nikatoa PIN, nikarudisha, ikajibu READY.

Bado NO CARRIER. Nikauliza APN, yani jina la mlango wa data wa mtandao, sikuwa nimeandika. Mtandao wangu APN yake ni neno internet tu, unaiweka kwenye wvdial.conf, faili la mipangilio ya wvdial, kama amri, AT+CGDCONT=1,"IP","internet", na chini yake yuzaneimu na paswedi unaandika chochote, mi nimeandika a na a, mtandao hauziangalii ila wvdial ukiziacha tupu inagoma kwa kusema hujamtaja mtumiaji. Ongeza na Stupid Mode = 1, jina lake linachekesha ila maana yake ni usisubiri mtu akuulize jina, ukishaunganishwa anza kazi.

Ikaunganisha. Nikaona IP adresi. Nikaita dogo aje aone. Nikafungua kurasa, hakuna kitu.

Hapa nilitoka nje nikanunua kahawa na kashata kwa yule mzee wa kona, maana ningeipasua.

Niliporudi nikapiga ping 8.8.8.8, yani kujaribu kama kompyuta ya mbali inaitika, inajibu. Ping kwa jina la tovuti, haijibu. Basi intaneti ipo, kinachokosekana ni wa kutafsiri majina kuwa namba, yani DNS. Nikaongeza neno usepeerdns kwenye faili la /etc/ppp/peers/wvdial, ambalo linamwambia pppd, programu inayoendesha yale maongezi ya PPP, achukue DNS za mtandao wenyewe, nikadaili upya, kurasa hizo hapo. Saa tano usiku. Mke wangu ameshapiga mara tatu.

Kuhusu spidi sasa. 7.2 iliyoandikwa ni megabiti, gawanya kwa nane unapata kama baiti laki tisa kwa sekunde na hiyo ni ukiwa umekaa chini ya mnara peke yako dunia nzima. Dukani kwangu bati juu, ukuta wa tofali, wiki ya kwanza ilikuwa inavuta kama mtu anayevuta nyavu yenye mawe. AT+CSQ, amri ya kuuliza nguvu ya mtandao, ikanipa 8. Hiyo namba inaanzia 0 mpaka 31, na 99 maana yake haijui au haijapata kitu, 8 ni kidogo sana, ukiigeuza kwa kipimo cha nguvu ya mawimbi ni dBm -97. Nikanunua waya wa USB wa mita tatu nikaipeleka modemu dirishani, 12. Nikaitundika katikati ya chujio la chuma la jikoni, lile kubwa, nikaligeuzia upande ulipo mnara, 15. Msicheke. Wateja wanauliza hilo chujio la nini, nawaambia ni dishi. Kwa 15 fomu zinafunguka, PDF zinashuka, video siangaliagi kwahiyo sijui na sitaki dogo ajue.

Ila ule waya wa mita tatu ukanizalia shida nyingine, na hapa ndo wengi wanalaumu mtandao bure. Kila baada ya muda inakatika. Siku mbili nawalaumu watu wa laini, nikawapigia hadi huduma kwa wateja, dada wa watu akaniambia zima simu uwashe, nikamwambia dada yangu mi sina simu hapa nina modemu, akaniambia zima modemu uwashe. Siku ya tatu ndo nikapata akili ya kuangalia dmesg. Ukiona imeandika USB disconnect, mtandao hauna kosa, modemu imekatika kwenye kompyuta, ni waya au umeme. Ukiona dmesg kimya lakini pppd anasema Modem hangup, hapo ndo ukalaumu upande wa laini. Yangu ilikuwa USB disconnect mwanzo mwisho. Poti ya USB ya kawaida inatoa miliampia 500, modemu ikiwa mbali na mnara inapiga kelele kwa nguvu na inakula umeme mwingi, waya mrefu na mwembamba wa bei chee unakula mwingine njiani, na mi nilikuwa nimechomeka kwenye poti ya mbele ya kompyuta ambazo nazo ni dhaifu. Nikahamia poti ya nyuma na waya wa mita moja na nusu, mnene. Imetulia. Chujio limesogea karibu tu.

Na ilikuwa ikikatika ikirudi inarudi na jina jingine, ilikuwa ttyUSB0 inakuwa ttyUSB3, wvdial inatafuta kitu ambacho hakipo. Ukiandika njia ya /dev/serial/by-id badala ya ttyUSB unaepuka hilo, jina la kule halibadiliki.

Kwa nini sijatoa tano. Moja, inapata moto, ukiishika baada ya saa nzima ni kama kikombe cha chai. Mbili, sehemu ya memori kadi haifanyi kazi kabisa, na niliambiwa inafanya. Tatu siyo kosa lake lakini nalisema hapa hapa: wiki ya kwanza bando la giga moja liliisha kabla ya saa sita mchana na dukani hakuja mteja hata mmoja. Debian ilikuwa inajishushia apdeti yenyewe kimya kimya, ilikuwa haijaonana na intaneti ya kueleweka muda mrefu ikaamua kulipiza. Zima unattended-upgrades kama unaishi kwa bando, fanya apdeti mwenyewe usiku ukiwa na kifurushi cha usiku.

Saivi dogo anawasha mwenyewe, nimemtengenezea alama ya kubofya mezani, akibofya anasubiri aone IP ndo anamwita mteja. NO CARRIER ikitokea anajua kuangalia salio kwanza, maana mara nyingi ndo hilo.

Duka nimelirudia wiki iliyopita kutafuta waya. Kijana akanikumbuka, akauliza ulipiga Windows? Nikasema hapana. Akacheka tu. Chini ya kaunta ana boksi la vitu vibovu, nikaona modemu nyingine kama yangu, nikamuuliza, akasema hiyo imekufa, mteja aliirudisha, alisema inaleta sidii tu. Elfu tano akanipa. Nimeichomeka kwangu, imegeuka vizuri, AT inajibu OK, laini inasoma READY, ila CSQ kila nikiuliza inanipa 99,99 hata nikiiweka kwenye chujio. Nahisi antena ya ndani imeachia. Nitaifungua Jumapili.